Kulenga Taa za Gari: Sentimita 10 Ukutani, Mita 65 Barabarani

Usiku, katika barabara kuu isiyo na taa za njiani, magari mawili yanakuja kukutana. Kandoni mwa barabara, upande wa kushoto wa gari la kwanza, yupo mtu anayesukuma baiskeli iliyopakiwa magunia mawili ya mkaa. Baiskeli hiyo haina taa. Dereva wa gari la kwanza amepunguza taa zake, na dereva wa gari la pili naye amepunguza zake. Hata hivyo mwanga wa gari la pili unamchoma machoni yule wa kwanza, na kwa muda haoni kitu ila weupe mtupu. Anadhani kuwa mwenziwe ni mkorofi aliyekataa kupunguza taa. Kumbe taa zimepunguzwa, ila zimeelekea juu kuliko inavyopasa. Na kosa lenyewe, likipimwa kwenye ukuta ulio mita 10 mbele ya gari, halizidi sentimita 20.

Kosa la namna hiyo ni la kawaida, na aghalabu mwenye gari halijui, kwa kuwa yeye mwenyewe huona mbali zaidi na kufurahi. Anayeumia ni yule ajaye mbele yake, na mwenda kwa miguu asiyeonekana. Lakini kulitambua na kulirekebisha hakuhitaji mtambo wa gharama kubwa. Ukuta, chaki, utepe wa kupimia na bisibisi vyatosha, pamoja na hesabu ya pembetatu inayofundishwa katika madarasa ya mwanzo ya sekondari.

MWANGA HUELEKEZWAJE

Taa ya mbele ya gari ina sehemu kuu tatu: globu, kioo akisi kilicho nyuma yake, na kioo cha mbele cha kukinga vumbi na maji. Kioo akisi cha taa za kawaida kina umbo la parabola. Sifa ya umbo hilo ni kwamba chanzo cha mwanga kikiwekwa katika nukta moja maalumu, iitwayo fokasi, miale yote inayokipiga kioo hurudi ikiwa sambamba na kwenda mbele moja kwa moja. Hiyo ndiyo sababu ya taa ya gari kumulika mbali kuliko globu iliyoning'inizwa chumbani, ijapokuwa nguvu zao za umeme hazipitani sana.

Mwanga unaokwenda sambamba na barabara wafaa tu pale ambapo hakuna mtu mbele. Huo ni mwanga wa mbali, ambao madereva huuita fulu. Magari yanapokutana hutakiwa mwanga wa karibu, yaani dimu. Katika magari mengi, globu moja huwa na waya mbili nyembamba za kutoa mwanga. Waya wa fulu huwa karibu na fokasi. Waya wa dimu huwekwa mbele kidogo ya fokasi, na chini yake pana kikombe kidogo cha bati kinachozuia miale isiifikie nusu ya chini ya kioo akisi. Miale inayobaki huipiga nusu ya juu peke yake, na kwa kuwa chanzo chake kiko mbele ya fokasi, hurudi ikiwa imeinama kuelekea barabarani. Globu za waya mbili zilianza kutumika katika magari tangu miaka ya 1920. Aina ya halojeni iitwayo H4, ambayo bado yaonekana katika magari mengi, ilianza mwaka 1971.

Kikombe hicho cha bati ndicho kinachofanya dimu iwe na ukingo. Mwanga wake ukipiga ukuta, huonekana sehemu ya chini yenye nuru na sehemu ya juu yenye giza, na kati yake mstari ulio wazi. Mstari huo waitwa hapa mpaka wa mwanga. Kulenga taa si jambo jingine ila ni kuuweka mpaka huo mahali pake.

KIWIKO CHA MWANGA

Msomaji akiutazama mpaka huo kwa makini ataona kuwa haukunyooka wote. Katika gari lililotengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kama vile Tanzania, Kenya na Uganda, nusu ya kulia ya mpaka ni mstari wa mlalo, na nusu ya kushoto hupanda juu kwa pembe ya nyuzi 15 hivi. Mahali mistari hiyo miwili inapokutana pana kona iliyo mfano wa kiwiko cha mkono.

Kiwiko hicho kina maana kubwa. Upande wa kulia ndiko yanakotoka magari yajayo, kwa hiyo huko mwanga huzuiwa usipande. Upande wa kushoto ndiko waliko wenda kwa miguu, wapanda baiskeli, mifugo na vibao vya barabarani, na huko mwanga huruhusiwa kupanda ili waonekane mapema. Taa za namna hiyo zilianza kuruhusiwa Ulaya mwaka 1957. Kabla ya hapo dimu ilikuwa sawa pande zote mbili.

Kwa sababu hiyo, taa iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia haifai katika nchi za upande wa kushoto, hata ikilengwa kwa uangalifu namna gani. Kiwiko chake hupanda kulia, moja kwa moja katika macho ya dereva ajaye. Swedeni ilipohama kutoka kushoto kwenda kulia mnamo tarehe 3 Septemba, 1967, taa za magari nazo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyopasa kubadilishwa. Katika Afrika Mashariki jambo hilo huonekana mpakani: gari litokalo Tanzania likivuka daraja la Rusumo na kuingia Rwanda, hubadili upande wa barabara, lakini kiwiko cha taa zake hakibadiliki. Magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa Tanzania na Kenya hutoka Japani, ambako pia huendeshwa upande wa kushoto, na hayo hayana taabu hiyo. Gari lililotumika kwanza katika nchi ya upande wa kulia lapaswa kuchunguzwa kiwiko chake kabla ya jambo lolote jingine.

HESABU YA PEMBETATU

Ichukuliwe mfano wa gari dogo ambalo katikati ya taa zake pana kimo cha sentimita 65 kutoka ardhini. Mpaka wa mwanga ukiinama kiasi cha kushuka sentimita 10 katika kila mita 10, mshuko wake ni asilimia 1. Hiyo ni pembe ndogo mno, nyuzi 0.57 tu. Basi ili ushuke sentimita 65 zote na kuigusa barabara, mwanga huo utahitaji kwenda mita 65. Pembetatu inayofanyika kati ya taa na ukuta, na ile inayofanyika kati ya taa na barabara, zina pembe zilizo sawa. Kwa hiyo uwiano wa pande zake ni mmoja.

Kwa gari hilohilo, hesabu hutoa majibu haya:

Mshuko wa sentimita 5 ukutani: mpaka hugusa barabara kwenye mita 130.
Mshuko wa sentimita 10: mita 65.
Mshuko wa sentimita 13: mita 50.
Mshuko wa sentimita 20: mita 32 na nusu.
Mshuko wa sentimita 0: mpaka hauigusi barabara kamwe.

Yafaa kulinganisha majibu hayo na umbali unaohitajiwa na gari kusimama. Ikikadiriwa kuwa dereva hutumia sekunde 1.5 kutambua hatari na kukanyaga breki, na kuwa breki juu ya lami kavu hupunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde, gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa husimama baada ya mita 37 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 60 huhitaji mita 48, kwa kilomita 80 huhitaji takriban mita 75, na kwa kilomita 100 huhitaji mita 106.

Mambo mawili yaonekana hapo. La kwanza, taa zilizoinamishwa mno, sentimita 20 ukutani, hazimtoshi dereva hata kwa mwendo wa kilomita 50. Atakapokiona kitu kilicholala barabarani, nafasi ya kusimama itakuwa imekwisha pita. La pili, hata taa zilizolengwa sawasawa kwa asilimia 1 hazitoshi kwa mwendo wa kilomita 80. Dimu nzuri haimpi dereva ruhusa ya kwenda mbio. Humwonyesha mpaka ambao mwendo wake haupaswi kuuvuka.

Sasa itazamwe hali iliyo kinyume. Ikiwa mpaka wa mwanga, badala ya kushuka sentimita 10 ukutani, unapanda sentimita 10, basi kwenye umbali wa mita 50 utakuwa umepanda sentimita 50. Zikiongezwa sentimita 65 za kimo cha taa, jumla ni sentimita 115. Hicho ndicho kiasi cha kimo cha macho ya dereva aliyeketi katika gari dogo. Tofauti kati ya hali njema na hali hiyo ya hatari ni sentimita 20 tu ukutani.

JICHO LA DEREVA

Jicho la binadamu huona gizani kwa kutumia seli maalumu zilizo nyuma ya jicho, ambazo zina kemikali iitwayo rodopsini. Mwanga mkali huivunja kemikali hiyo, nayo huhitaji muda kujijenga upya. Ndiyo maana mtu atokaye juani akaingia katika chumba chenye giza hupapasa kwanza. Gizani mboni huwa imepanuka, kwa hiyo mwanga wa ghafula huingia kwa wingi. Zaidi ya hayo, sehemu ya mwanga huo hutawanyika ndani ya jicho lenyewe na kufanya kama pazia jeupe mbele ya vitu vingine. Lenzi ya jicho inavyozeeka, na hasa ikiwa na mtoto wa jicho, mtawanyiko huo huzidi. Kwa hiyo taa ambayo kijana aweza kuistahimili yaweza kumpofusha kwa muda mtu wa makamo.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 katika kila sekunde. Dereva aliyepigwa na mwanga kwa sekunde 3 huwa amesafiri mita 66 pasipo kuona, karibu theluthi mbili za urefu wa uwanja wa mpira. Kwa mujibu wa taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni wenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Si wote hao waliouawa usiku, wala si kwa sababu ya taa. Lakini ndio wasio na bati la kuwakinga dereva asipowaona.

MATAYARISHO

Kazi ya kulenga taa hufanywa jioni, giza linapoanza kuingia, mbele ya ukuta ulio wima na wenye rangi nyeupe au ya kufifia. Ardhi kati ya gari na ukuta hapana budi iwe ya usawa, kwa sababu mteremko wa sentimita 10 katika mita 10 hulingana na kipimo chote kinachotafutwa. Wajenzi wana njia rahisi ya kuhakikisha usawa: mpira mwembamba unaopitisha nuru hujazwa maji, ncha moja ikashikwa ukutani na nyingine pale ambapo magurudumu yatasimama. Maji yakitulia, nyuso zake katika ncha zote mbili huwa katika kimo kimoja. Kimo hicho hupimwa hadi ardhini katika kila upande, na tofauti isizidi sentimita 1. Magurudumu ya mbele na ya nyuma nayo yapimwe hivyo hivyo.

Gari lenyewe litayarishwe. Upepo wa matairi uwe wa kiasi kilichoagizwa na mtengenezaji. Mizigo ishushwe, isipokuwa vifaa vinavyokaa garini siku zote. Katika kiti cha dereva aketi mtu mwenye uzito wa kilo 75 hivi, kwa kuwa gari halitembei bila dereva. Kama dashibodi ina kitufe au gurudumu dogo la kushusha na kupandisha taa, liwekwe kwenye 0. Vioo vya taa visafishwe. Kisha gari lisukumwe juu na chini mara chache, mbele na nyuma, ili springi zitulie mahali pake.

Magari mengine ya siku hizi yana mitambo inayolenga taa yenyewe kwa umeme. Hayo yasiguswe kwa bisibisi pasipo kufuata kitabu cha gari.

KUCHORA MISTARI

Kwanza gari lisogezwe karibu na ukuta, likiutazama moja kwa moja. Vioo vingi vya taa vina nukta ndogo inayoonyesha katikati. Nukta ya kila taa ihamishiwe ukutani kwa chaki, na kimo chake kipimwe kutoka ardhini. Katika kila alama uchorwe mstari wa wima, ukinyooshwa kwa timazi. Kisha mstari mmoja wa mlalo uziunganishe alama zote mbili. Huo ni mstari wa kimo cha taa.

Baada ya hapo gari lirudishwe nyuma kwa kunyooka, mpaka umbali kati ya vioo vya taa na ukuta uwe mita 10 kamili. Chini ya mstari wa kimo cha taa uchorwe mstari wa pili, sentimita 10 chini yake. Huu ndio mstari wa shabaha kwa mshuko wa asilimia 1. Kama uwanja ni mdogo, mita 5 zafaa, na mshuko uwe sentimita 5; lakini ijulikane kwamba hapo kosa la sentimita 1 huwa na uzito maradufu.

Asilimia 1 si kipimo cha magari yote. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari huelekeza kuwa taa zilizo chini ya sentimita 80 kutoka ardhini zilengwe kwa mshuko wa kati ya asilimia 1.0 na 1.5, na zile zilizo juu ya mita 1 kwa mshuko wa kati ya asilimia 1.5 na 2.0. Taa iliyo juu huinamishwa zaidi ili isiwamulike usoni wenye magari madogo, wala kuwapiga kupitia kioo cha kutazamia nyuma. Baadhi ya magari huwa na chapa karibu na taa inayotaja asilimia yake, na ikiwapo hiyo ndiyo ifuatwe.

KUREKEBISHA

Breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe vigingi. Injini iwashwe, kazi ikifanyika mahali pa wazi ili moshi usiwadhuru watu, kisha iwashwe dimu. Taa moja ikingwe kwa ubao au kadi ngumu iliyosimamishwa mbele yake pasipo kuigusa, kwa sababu taa ya halojeni hutoa joto kali.

Nyuma ya kila taa, ndani ya boneti, aghalabu pana skrubu mbili. Moja hupandisha na kushusha mwanga, na nyingine huupeleka kushoto au kulia. Kabla ya kuzigusa, yafaa ukutani ichorwe alama ya mpaka wa mwanga ulivyo, ili ionekane umehama kiasi gani. Skrubu izungushwe nusu mzunguko kwa mara moja, kisha ukuta utazamwe. Nusu ya mlalo ya mpaka, iliyo kulia kwa kiwiko, yapaswa kulala juu ya mstari wa shabaha. Kiwiko chenyewe kiwe kwenye mstari wa wima wa taa hiyo. Kikihamia kulia, sehemu ipandayo itaingia katika njia ya magari yajayo. Kikihamia mno kushoto, mwenda kwa miguu hataonekana mapema. Baada ya hapo taa hiyo ikingwe na ya pili irekebishwe vivyo hivyo.

Mwisho iwashwe fulu. Katika globu ya waya mbili, fulu hufuata dimu, na doa lake kali litaonekana karibu na mstari wa kimo cha taa. Taa isilengwe kwa kufuata fulu, kwani inayokutana na macho ya watu ni dimu.

MZIGO NYUMA

Taa zilizolengwa vyema mchana wa Jumamosi zaweza kuharibika usiku huo huo bila skrubu kuguswa. Ichukuliwe kuwa umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.5. Yakipakiwa nyuma magunia ya mahindi, na springi za nyuma zikazama sentimita 5 wakati za mbele zimebaki palepale, gari lote litakuwa limeinua pua kwa asilimia 2. Mshuko wa asilimia 1 hugeuka kuwa mpando wa asilimia 1. Hiyo ndiyo hali iliyoelezwa juu, ya mwanga kufikia macho ya dereva ajaye kwenye umbali wa mita 50.

Kitufe cha kushusha taa kiliwekwa kwa ajili ya hali hiyo. Namba zake hupanda kadiri mzigo unavyozidi, na dereva aliyepakia hana budi kukitumia kabla ya kuondoka. Gari lisilo na kitufe hicho, na ambalo kazi yake ya kila siku ni kuchukua mizigo, lilengwe likiwa na mzigo wake wa kawaida. Springi zilizolegea kwa uzee nazo huleta kosa hilohilo, na dawa yake ni kubadilishwa.

MAKOSA YASIYOPONYWA NA SKRUBU

Ikiwa ukutani hauonekani mpaka wa mwanga ulio wazi, kulenga hakutasaidia kitu. Sababu ya kwanza ni kioo cha plastiki kilichofifia kwa jua: kila chembe ya ukungu wake huitawanya miale pande zote, juu na chini. Kioo hicho kisuguliwe kwa dawa maalumu au kibadilishwe.

Sababu ya pili ni globu iliyokaa vibaya. Globu ya H4 ina masikio matatu yanayoingia katika nafasi zake kwa namna moja tu. Ikilazimishwa, waya wake huwa kando ya mahali pake, na milimita chache hapo hubadili kila kitu ukutani. Kioo cha globu mpya ya halojeni kisishikwe kwa vidole vitupu, kwani mafuta ya ngozi hukifanya kipate joto lisilo sawa na kupasuka mapema.

Sababu ya tatu imeenea siku hizi. Wenye magari huondoa globu za halojeni na kuweka globu za LED zenye mwanga mkali katika taa zilezile. Kioo akisi kilichongwa kwa ajili ya waya mwembamba uliopo mahali maalumu. Chanzo chenye umbo jingine kikiwekwa hapo, miale haitafuata tena njia iliyokusudiwa. Mara nyingi mwanga huonekana mweupe na mwingi karibu na gari, mmiliki akaridhika, ilhali sehemu yake imevuka mpaka na kupanda juu. Wingi wa mwanga na uzuri wa mwanga ni mambo mawili tofauti.

JARIBIO LA DARASANI

Wanafunzi waweza kuyahakikisha haya bila gari. Tochi ifungwe juu ya ubao wenye urefu wa mita 1, na mbele yake liwekwe karatasi gumu lenye tundu dogo ili doa la mwanga liwe dogo. Ubao ulazwe juu ya meza, ncha yake ikiwa mita 5 kutoka ukutani, na katikati ya doa patiwe alama. Kisha ncha ya nyuma ya ubao iinuliwe sentimita 1 kwa kuiwekea kitabu chembamba. Doa litashuka takriban sentimita 5. Ikiinuliwa sentimita 2, doa litashuka sentimita 10. Wanafunzi wachore grafu ya matokeo na kueleza kwa nini nukta zake huelekea kulala katika mstari mmoja ulionyooka.

Halafu ubao ugeuzwe kuwa gari lenye mzigo: ncha ya mbele ndiyo iinuliwe. Mwalimu aulize: kama ubao ungekuwa na urefu wa mita 2.5 na ukuta ungekuwa mita 50, sentimita 5 za kuinua zingelipeleka doa wapi? Jibu ni mita 1 juu zaidi.

Baada ya kazi yote hiyo, gari lijaribiwe barabarani, na kila inapowezekana lipelekwe mahali penye chombo cha kupimia taa ili kipimo cha nyumbani kihakikishwe. Vipimo virudiwe kila globu inapobadilishwa, springi zinapotengenezwa, au gari linapogongwa mbele hata kidogo. Mistari ya chaki ikihifadhiwa kwa rangi ukutani, kazi ya mara ya pili haitazidi robo saa. Mwenye kusukuma baiskeli gizani hatajua kamwe kwamba imefanywa. Ataona tu magari mawili yakipishana, na kila moja likimwachia nafasi yake.